Sayansi kwa Watu Wazima

Mkulima aliyelima kwa miaka thelathini haji darasani na kichwa kitupu. Anaijua mvua, udongo na wadudu wa shamba lake. Asichokijua mara nyingi ni sababu. Mwalimu anayemkaririsha ubaoni sehemu za ua, kana kwamba ni mtoto wa darasa la tatu, anampotezea jioni yake.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilionyesha njia nyingine. Vikundi vilisikiliza redio, vikasoma kitabu, vikajadiliana, kisha vikaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Watu wapatao milioni mbili walishiriki, na bila shaka somo la safura lilieleweka zaidi shimoni kuliko ubaoni. Mwaka 1980 ikafuata Misitu ni Mali.

Viongozi wengi wa vikundi hivyo hawakuwa wataalamu wa sayansi. Walipewa mafunzo mafupi na vitabu vya kuwaongoza. Hayo ndiyo yanayosahauliwa kwa urahisi. Ofisa elimu anayempangia mwalimu darasa la jioni bila semina, bila kitabu, wala bwana shamba wa kumsaidia, asimlaumu wanakisomo wanapopungua.