Jamani acheni kuvuta chaga!

Haya wadau, nimekuwa kimya wiki mbili hizi kwa sababu ya testi, mtanisamehe. Leo sina habari za bumu wala za foleni ya kafteria. Leo nagombana na watu, tena watu wa hapa hapa chuoni, wale wanaojua programu za kuchorea kwenye kompyuta na wameanza kuchukua tenda ndogo ndogo za kuchorea mafundi seremala. Hela nzuri, sikatai. Ila kuna mchezo mmoja mnaucheza na mimi nasema si haki.

Mchezo wenyewe ni huu. Jamaa ana mchoro wa kitanda cha 4 kwa 6, amechora vizuri, kila kitu kiko mahali pake. Mteja anakuja anataka 5 kwa 6. Jamaa anafanya nini? Anakamata kitanda kizima, anabonyeza kitufe cha skeli, anavuta upande mmoja mpaka upana ufike futi 5, kwisha habari. Dakika moja. Anatuma kwa WhatsApp, anapokea hela yake.

Ukiutazama mchoro hutaona kosa. Futi 4 mara moja na robo ni futi 5, godoro linaingia kama kawaida. Sasa fungua vipimo vya kimoja kimoja uone vituko. Mguu uliokuwa inchi 3 kwa 3 umekuwa 3 kwa 3 na robo tatu. Mbao ya ubavuni iliyokuwa inchi 2 imekuwa 2 na nusu. Na ule ulimi wa mbao ya ubavuni unaoingia kwenye tundu la mguu, uliokuwa na unene wa robo tatu ya inchi, umekuwa inchi 15 ya 16. Nani ana patasi ya 15 ya 16? Nendeni Kariakoo mkaitafute, mkiipata nawanunulia supu.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nimeyaona nyumbani, Vigwaza. Kwa wasiopajua, ukitoka Dar na barabara ya Morogoro unapita Mlandizi, mbele kidogo kuna mizani pale malori yanapopanga foleni, ndo kwetu. Mjomba wangu ana karakana kando ya barabara. Alipata oda ya vitanda 20 vya gesti, mchoro ukaletwa na kijana msomi kutoka mjini (simtaji, wala sijui yuko wapi siku hizi), umevutwa hivyo hivyo. Mjomba aliuliza. Alimpigia kabisa, akamwambia, "Kijana wangu, huu mguu wa tatu na robo tatu unatoka kwenye mbao gani?" Akajibiwa, "Mzee fuata mchoro." Na makubaliano yalisema kama mchoro.

Miguu 80 hiyo wadau. Mbao ya inchi tatu na robo tatu hakuna anayeuza, kwa hiyo alinunua za 4 kwa 4, akazipiga randa zote mpaka zikafika. Mninga mzima umeishia kuwa takataka ya randa chini ya meza, wengine wakabeba kwenda kuwashia jiko. Faida ya kazi yote ikaishia hapo. Nilipomwamkia likizo ile, shikamoo mjomba, akaitikia marahaba halafu akaniambia, "Mwanangu, hiyo kompyuta yenu mnasomea kutunyang'anya?" Sikuwa na la kumjibu, nikakaa kimya.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana sipendi mtu anayelalamika bila kuonyesha njia.

Kitanda si picha. Ni vipande, na vipande vingi vinajirudia. Chaga ndo mfano mzuri kuliko yote. Kitanda kikitoka futi 4 kwenda futi 5, chaga inaongezeka urefu tu. Upana wake haubadiliki, unene haubadiliki, na idadi pia haibadiliki kwa sababu urefu wa kitanda bado ni futi 6. Kwenye SketchUp, ukiwa umefanya chaga moja kuwa komponenti na nyingine zote ni nakala zake, unaingia ndani ya moja, unachagua uso wa mwisho peke yake, unausogeza futi moja. Zote 12 zinarefuka palepale. Mbao ya ubavuni ya upande wa pili na miguu yake unaisogeza futi moja, huivuti, unaisogeza tu! Mbao ya kichwani na ya miguuni unazirefusha katikati, ndimi zake unaziacha zilivyo. Dakika kumi badala ya moja. Dakika tisa hizo zingemwokoa mjomba.

Kupanga nafasi nako kuna wanaokadiria kwa macho. Chukulia chaga 12 za inchi 4, kitanda futi 6, yaani inchi 72. Chaga zenyewe zinakula inchi 48, zinabaki 24 za kugawa kwenye nafasi 11. Sio 12, ni 11, hesabu vidole vyako na mapengo yake utaelewa. Sasa huna haja ya kupiga hesabu hiyo kwa mkono: weka chaga ya kwanza, nakili moja mpaka mwisho kabisa, halafu andika /11. Programu inakujazia zilizobaki kwa usawa. Ukibadilisha mawazo ukataka 14, andika /13 kabla hujafanya kitu kingine.

Na kama unataka chaga moja tu iwe tofauti, labda ile ya katikati yenye tundu la bolti, kuna amri ya kuifanya iwe ya pekee, inajitenga na wenzake. Hapo tena skeli ina sumu yake ya kimya kimya. Ukivuta nakala moja, wenzake hawavutiki, unajiona mjanja. Baadaye unaingia ndani ya ile iliyovutwa unachora tundu la inchi moja, kwenye zile nyingine tundu linatokea na kipimo kingine kabisa. Fundi anapewa karatasi, atajuaje?

Kuna jambo jingine ambalo hata kusogeza vizuri hakulimalizi, nalo ni uzito wa watu. Mbao ikiegemea ncha mbili, kubonyea kwake chini ya mzigo uleule kunakua kwa urefu mara tatu yake, yaani urefu kuzidisha urefu kuzidisha urefu. Chaga ya futi 4 ukiifanya futi 5 inabonyea karibu mara mbili. Ukiifanya futi 6 ni zaidi ya mara tatu. Ndo maana kitanda cha 6 kwa 6 fundi yeyote anakiwekea mbao ya katikati na mguu wake. Kompyuta haitakwambia hilo, inavuta tu na inanyamaza. Fundi ambaye hajakaa darasa moja na sisi analijua tangu akiwa kijana wa kushika msumeno.

Tena wazee wa pwani walikuwa na akili hii zamani. Nyumba za mawe za Waswahili, vyumba vyake ni vyembamba na virefu. Kwa nini? Boriti. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, kama mita 3 hivi kasoro. Ukitaka chumba kikubwa hukivuti kwa upana, unaongeza boriti nyingine pembeni, na nyingine, chumba kinarefuka. Kipande kinabaki kilekile, inabadilika idadi. Hata milango ya nakshi pale Mji Mkongwe Bagamoyo, simama utazame maua kwenye fremu yanavyofuatana. Sijaona ua lililotanuliwa likawa kama yai ili mlango ujae.

Najua mtaniambia, bro, unataka tukeshe kwa tenda ya elfu kadhaa? Na bando je? Hapo nawaelewa kidogo. SketchUp ya bure ya kusakinisha iliishia toleo la 2017, ya bure ya sasa inafanya kazi kwenye kivinjari, na rumu kwetu intaneti mnaijua. Lakini kuna FreeCAD, bure kabisa, unasakinisha mara moja na haikudai bando, na toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Ina jedwali. Unaandika upana wa kitanda 5, urefu 6, unene wa mbao inchi 1, na vipande vinafuata namba zako. Ngumu kuizoea, siwadanganyi, wiki ya kwanza nilitaka kuitupa laptop dirishani. Ila ukiijenga mara moja, mteja wa 4 kwa 6, wa 5 kwa 6, unabadilisha namba moja na mguu unabaki inchi 3.

Ombi langu kwa wanaochukua tenda: kabla hujatuma, toa orodha ya vipande na vipimo vyake, uisome kama fundi. Ukiona robo tatu za ajabu ajabu kwenye unene, rudi kwenye mchoro. Na andika namba yako ya simu chini ya karatasi, fundi akipiga pokea. Mjomba bado ana ile karatasi, kaibandika ukutani juu ya meza ya randa. Oda za michoro anapokea siku hizi, ila anataka kwanza aone unene wa mguu.