Staa Anapigiwa Ngoma, Bi Mkubwa Anakosa Hata Choo

Kila akitua staa wa nje Zanzibar akasema kaja kutafuta asili yake, mnajua inavyokuwa. Ngoma uwanja wa ndege, kamera, wakubwa wanapigana vikumbo kumpa mkono. Anapelekwa Mkunazini lilipokuwa soko la watumwa, analia kidogo, anapiga picha, jioni yuko Forodhani na sahani ya urojo. Sisi tunalaiki. Sina ubaya naye, anaitangaza nchi. Ila yule hajatafuta kitu, kaonyeshwa.

Ngoja niwape ya anayetafuta kweli.

Nilikuwa Unguja kwa shemeji, rafiki yangu anayetembeza wageni akaniomba nimsindikize dada mmoja kutoka Muscat na mama yake. Bi mkubwa aliondoka Unguja 1964 akiwa na miaka 9, ile familia nyingi zilipokimbilia Oman baada ya Mapinduzi. Kiswahili chake kipo vilevile, tena kile cha zamani, mimi wa Temeke nikaona aibu kufungua mdomo. Alikuja na picha moja ya nyumba na jina la babu yake. Basi.

Tukaenda ofisi moja (siitaji, naipenda blogu yangu). Dirisha la kwanza wakatutuma la pili, la pili wakataka barua. Iandikwe kwa nani? Hakuna anayejua. Ada hazijabandikwa popote. Bi mkubwa kasimama saa nzima, kiti hakuna. Choo kimefungwa na mwenye ufunguo katoka kwenda kula. Mama wa miaka zaidi ya 70 akaenda mgahawa wa jirani kununua soda asiyoitaka, ili tu aruhusiwe kuingia msalani. Jamani!

Na sio kwamba hatuna kitu. Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani (sio tulikozungushwa) zina maandishi ya Kiarabu ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Zile za Wajerumani zilizopo Dar ziliingia 1997. Mali ipo, anayekosekana ni mtu wa kumpokea mgeni na kumwelekeza.

Maana majina yetu si ya kuandika kwenye kompyuta ukabonyeza. Wengi ni Fulani bin Fulani bin Fulani, mwanamke ni binti Fulani, na akina Juma bin Salum wapo wangapi Unguja? Waliotoka utumwani ndio kabisa, wengi waliandikwa jina moja tu, pengine na kabila au jina la bwana wao. Halafu karatasi kibao za zamani, hata za Kiswahili, zimeandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu. Mimi wa form four ukinipa nitaishika juu chini.

Kwa hiyo mimi naomba meza moja tu. Meza, viti, mtu anayeweza kusoma hizo hati, bei ukutani, choo kilicho wazi. Vijana waliopita madrasa wapo kibao na hawana kazi, wafundishwe kusoma miandiko ya zamani. Na kila sheha awe na daftari la wazee wa mtaa walio tayari kuulizwa.

Hilo la wazee silitoi hewani. Mwisho wa siku aliyetusaidia alikuwa babu mmoja Malindi, kakaa barazani na kikombe chake cha kahawa. Dada akamwamkia shikamoo, akampa picha. Babu akaitazama, akamtazama bi mkubwa, kisha akamuuliza, "Wewe si ndiye uliyetumbukia kisimani?"

Bi mkubwa akakaa chini palepale.

Nyumba yenyewe ilikuwa mlango wa tatu kutoka pale, sisi tumeshaipita mara mbili. Babu akaanza kutaja: nani alimwoa nani, nani kazikwa wapi, nani alipanda jahazi gani. Dada akawa anarekodi kwenye simu, dakika 40 chaji ikakata na babu bado anaongea. Nikakimbia mgahawa wa karibu kuomba kuchaji.

Wakasema ninunue soda kwanza.