Huzuni nayo hupimwa

Nafundisha biolojia hapa Magara, Burundi, kwenye mwambao wa ziwa. Kila nikisema saikolojia ni sayansi, walimu wenzangu hunikatiza: "Mwalimu, darubini yake iko wapi?" Kwao hayo ni mazungumzo ya watu wa miradi, wanaoshuka garini, wakawakalisha watoto kwenye duara, wakapiga picha, kisha wakarudi zao Bujumbura.

Basi natoa ushahidi wa Burundi hii hii. Mwaka 2014 jarida la BMC Medicine lilichapisha utafiti wa Wietse Tol na wenzake, Warundi wakiwemo, juu ya watoto 329 walioguswa na vita kaskazini-magharibi mwa nchi. Shule zilipigiwa kura: nyingine zikapewa vikao 15 vya michezo, kuchora na kuzungumza, nyingine zikaambiwa zisubiri. Kisha watoto wa pande zote mbili wakaulizwa maswali yale yale kuhusu hofu, huzuni na matumaini. Kwa ujumla, vikao havikuleta tofauti. Watafiti wakaliandika hilo waziwazi, majina yao juu yake.

Ni mhubiri gani, ni mganga gani aliyewahi kutangaza hadharani kwamba waliopata dawa yake hawakuwazidi waliokosa? Mimi hapo ndipo naiona sayansi. Darubini ni chombo tu.

Hata maswali yenyewe hayakuaminiwa hivi hivi. Yaliwekwa katika Kirundi, majibu ya watoto yakalinganishwa na mahojiano marefu ya kitaalamu. Ilibidi, maana mtoto wa huku humwitikia mgeni "ndiyo" kwa adabu tu.

Wenzangu hupenda pia kunikumbusha habari ya 2015, pale tafiti 100 za saikolojia ziliporudiwa na chini ya nusu zikatoa tena matokeo ya awali. Ni aibu, sikatai. Ila waliozirudia na kuitangaza aibu hiyo ni wanasaikolojia wenyewe.

Nina mwanafunzi ambaye baba yake alikwenda kuvua ndagala usiku na hakurudi. Mwandiko wake ni safi, hesabu anaziweza. Upepo wa ziwa ukipiga mabati, anaweka kalamu chini na kukodolea mlango macho mpaka utulie. Alipimwa malaria, hana. Mama yake ananiuliza afanye nini, na sitaki ajibiwe kwa kubahatisha.

Mwambao huu wa Rumonge umepokea wakimbizi kutoka Kongo, na 2024 ziwa lilipanda hadi majumbani mwa watu. Washauri wa nafsi wataendelea kuja, na wanakaribishwa. Lakini wazazi wawaulize: watoto wetu mmewapima kabla ya kuanza? Baada ya miezi sita atarudi nani kuwapima tena? Na matokeo mtayasoma mbele ya kamati ya wazazi, kwa Kirundi na Kiswahili, hata yakiwa mabaya?