Mwacheni Mchekeshaji wa Igunga na Muvi Yake

Wadau, leo nimekuja na hasira, mnivumilie.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Igunga ameweka bango la muvi yake ya kwanza. Jina silitaji, hajaniruhusu. Sura yake mnaijua: ndiye yule wa klipu ya abiria aliyekata tiketi moja akapanda basi na kuku saba. Miaka minne amewachekesha bure. Mmemrusha kwenye magrupu ya familia, mmemfanya stika. Leo anasema jamani, nina muvi ya saa moja na dakika ishirini, nimeandika mwenyewe na nimeigiza mwenyewe, nyie mnamjibu nini? "Rudi kwenye komedi." "Siku hizi kila mtu direkta." Na ile iliyonikera kuliko zote: "Angeenda kwanza Dar akajifunze kuigiza."

Haya, tuanze na hilo la kujifunza.

Hivi mnadhani klipu ya dakika moja na nusu inajitengeneza yenyewe? Mtu anawaza kisa, anaandika maneno, anatafuta eneo, anambembeleza shangazi yake asiangalie kamera, anaigiza, usiku anakaa kukata picha na kupanga sauti, bando linaisha katikati ya kupandisha, asubuhi anaamka na matusi yenu. Kwenye muvi kubwa kazi hiyo wanagawana watu ishirini. Yeye alikuwa peke yake, simu kaifunga kwenye fimbo kwa mpira wa baiskeli. Kama hiyo siyo shule, nitajieni shule.

Mtazameni Joti, yaani Lucas Mhuvile, akiwa bibi kizee, halafu mtazameni akiwa mtoto. Mgongo siyo ule, shingo siyo ile, hata pumzi anavuta tofauti. Huo ni uigizaji, bana. Kwa vile mmecheka, mnauita mzaha. Mtu akilia mvua inanyesha na kinanda kinapigwa nyuma, hapo ndipo mnasema "huyu msanii".

Na Marekani kuna Jordan Peele. Huyo alikuwa mtu wa vichekesho vifupi vya televisheni, kwanza MADtv, kisha Key & Peele mpaka 2015. Mwaka 2017 akatoa Get Out, muvi ya kutisha, na 2018 akabeba Oscar ya skripti. Sijasikia aliyemdai cheti cha kutisha watu. Ukifikiria vizuri, kuchekesha na kutisha ni ufundi uleule: unamfanya mtu asubiri kitu, halafu unamletea kingine.

Sasa hilo la kwenda Dar. Alishaenda! Nyie ndio hamjui.

Alipanda basi na begi moja, akapokelewa kwenye nyumba ya vijana wanaotengeneza klipu, wamelala wanne chumba kimoja. Alikuja na mhusika wake tayari, mzee mmoja mbishi mwenye kofia ya manyoya na redio begani, kampa jina la utani la marehemu babu yake. Huku Igunga mzee yule alikuwa mjanja, anawazidi akili makonda, watendaji na mawakala wa pamba. Kufika mjini akaambiwa abadilishe kidogo tu. Lafudhi aikoleze. Aogope lifti. Aulize taa za barabarani zinawashwa na nani. Yule mzee mjanja akawa mshamba wa kuchekwa, na huo ndio ukawa mkate wake: elfu thelathini kwa klipu, siku za malipo yakipatikana.

Hapa niseme jambo ambalo wengi wetu wa Tabora, Shinyanga na Mwanza tunalimeza tu. Lafudhi yetu kwenye komedi ya Bongo ni alama ya ujinga. Mtu akitaka kuonyesha kwamba huyu hajui kitu, anaongea Kiswahili cha Kisukuma, na kazi imekwisha. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga akawa jina kubwa kuliko wote kwenye muvi zetu, lakini nyingi ya zile nilizoziona mimi alikuwa kijana wa jiji, suti na gari. Simlaumu. Soko ndivyo lilivyotaka: ukitaka kuwa stelingi, kwenu unakuacha stendi. Ukibaki nako, unakuwa kichekesho.

Na siyo lazima iwe hivyo. Anne Kansiime ametoka Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, na lafudhi ya kwao ipo mdomoni mpaka leo. Kwenye klipu zake mara nyingi yeye ndiye anayemkomesha mwingine. Klipu hizo zimezunguka Afrika nzima. Tofauti ni moja: anayeamua nani achekwe ni yeye mwenyewe.

Shuleni tulifundishwa kwamba Wanyamwezi walikuwa wapagazi, wakibeba pembe kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Kipande cha mwanzo mara nyingi kinarukwa: kabla ya hapo walikuwa wakiongoza misafara yao wenyewe na kuuza pwani pembe zao wenyewe. Baadaye wenye mtaji wa pwani wakaishika biashara, na wengi wakabaki kubeba mzigo wa mtu kwa ujira. Nikimwangalia jamaa yangu na kofia yake ya manyoya, nawaza njia ni ileile, siku hizi ina lami tu.

Maana sikieni kilichofuata. Baada ya mwaka na nusu akaomba aongezwe hela. Akaambiwa mlango huo hapo. Akasema sawa, naondoka na mzee wangu. Akaambiwa mzee yupi? Akaunti siyo yako, namba ya siri huna, hukusaini chochote, ulikuja mikono mitupu. Wiki mbili baadaye akamwona kwenye simu kijana mwingine kabisa, mtoto wa mjini, kavaa kofia ileile, kabeba redio ileile, anaitwa jina la babu yake. Babu mwenyewe amezikwa Igunga. Mama yake jamaa aliacha kutazama simu kwa miezi kadhaa.

Mtasema ni uzembe wake. Ni kweli, kwa sehemu, na nimemwambia hivyo usoni. Lakini asionekane mjinga peke yake, kwa sababu wakubwa wamepita humohumo. Ze Comedy mnaikumbuka? Kundi lilipotoka EATV kwenda TBC, mzozo ukawa jina. Watu wakahama, jina likabaki nyuma, wakalazimika kurudi kama Orijino Komedi. Walikuwa ndio kundi la komedi linaloongoza nchini na bado walinyang'anyana jina! Na King Majuto, mzee Amri Athumani, aliyechekesha nchi hii miongo na miongo: alipokuwa mgonjwa mwaka 2018, habari za mikataba yake ya matangazo zikatoka, mpaka waziri wa wakati ule, Dk. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mzee alifariki Agosti 8 mwaka huohuo, pale Muhimbili. Wote tuliweka picha yake na mshumaa. Wangapi kati yetu tuliuliza zile kanda zake ni za nani sasa?

Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999. COSOTA ipo, na BRELA ipo kwa anayetaka kulinda jina la biashara. Lakini kijana wa miaka ishirini anayeshuka basi saa kumi usiku hawazi BRELA, anawaza atalala wapi. Ndiyo maana nasema nyie mnaomwambia "nenda Dar" hamumpi ushauri kamili. Mwambieni aende na karatasi. Aandike mhusika wake, maneno yake, tarehe, na akaunti iwe na namba yake ya siri. Akiombwa aishushe begani kabla ya kusaini, apande basi arudi.

Huyu alirudi. Akafungua meza ya kutengeneza simu karibu na stendi, akauza pikipiki, akanunua kamera ya mtumba, na sasa ana muvi. Nimeiona ikiwa bado haijakamilika, kwa hiyo nitawaambia ukweli, siyo kumpamba.

Sehemu ya sokoni sauti ni mbovu, unasikia upepo kuliko watu. Nusu saa ya katikati inachosha. Na kosa lake kubwa ni la mtu wa klipu: kila baada ya dakika mbili anataka ucheke, anaogopa ukimya, anadhani ukinyamaza umeondoka. Klipu inaishia pale watu wanapocheka. Muvi inabidi ionyeshe huyo aliyechekwa anarudi nyumbani kufanya nini, na hilo bado linampa tabu.

Lakini kuna kipande kimoja. Dereva wa lori la kwenda Rwanda ameharibikiwa, amekwama Igunga siku tatu. Ameshuka Sekenke, amevuka mbuga ya Wembere, gari limegoma, amekaa kwa mama ntilie anajidai mtu wa mjini, anaigiza lafudhi ya mama yule ili wenzake wacheke. Wanacheka. Mama naye anacheka. Halafu mama anamsogezea sahani ya wali, anamuuliza taratibu, kwa lafudhi ileile: "Baba, na wewe kwenu wapi?" Dereva anafungua mdomo kujibu, na Kiswahili kinachomtoka ni cha Igunga. Kamera haikati. Inakaa naye, anatazama sahani, malori yanapita nyuma. Hakuna muziki. Sekunde kama arobaini hivi, nami nilikuwa nimeshika kikombe cha chai nikasahau kunywa.

Hiyo ndiyo aliyoitoa Dar, kwa taarifa yenu. Mnaomwambia arudi kwenye komedi, hiyo ni komedi pia, mmezoea tu kuondoka mapema.

Inaonyeshwa Jumamosi saa mbili usiku, kwenye banda la mpira nyuma ya stendi ya Igunga. Kiingilio buku mbili, watoto mia tano. Mvua ikinyesha lile bati linapiga kelele husikii kitu, kwa hiyo wahini viti vya mbele.