Mshipi wa Tumbo Usifichwe



Katika fundisho hili nataka kusema juu ya watu waliopasuliwa katika nchi za ng'ambo na kutiwa mshipi ndani ya tumbo, kusudi wapunguze unene. Labda mtu atauliza, "Neno hili linatuhusu nini sisi wa Congo? Kwetu watu wengi wanakosa hata chakula cha siku." Ni kweli. Lakini ndugu zetu wengi wanakaa Bruxelles, na Paris, na miji mingine ya Ulaya. Kati yao anaweza kuwapo mtu mwenye mshipi huu tangu miaka 15 au zaidi. Siku moja atarudi kwetu kwa arusi au kwa matanga. Atakula katika sahani yetu. Akiugua, atalala katika kitanda cha hospitali yetu, na muuguzi wetu ndiye atakayemwona wa kwanza.

Maoni yangu ni haya: mshipi si kazi iliyokwisha siku ya kupasuliwa. Ni kazi ya maisha yote. Anayeuficha anajitia katika hatari. Na sisi tunaomcheka, sisi ndio tunaomfundisha kuuficha.

MSHIPI HUU NI KITU GANI?

Ni pete laini ya silikoni. Mganga huizungusha sehemu ya juu ya tumbo la chakula, karibu na mahali ambapo njia ya koo inaingia. Hakati tumbo wala matumbo. Kutoka katika pete unatoka mrija mwembamba, nao unafika katika kisanduku kidogo kilichoshonwa chini ya ngozi ya tumbo. Mganga akichoma kisanduku kwa sindano yake na kutia maji safi ya chumvi, pete inakaza. Akiyatoa maji, pete inalegea. Mshipi ukiwa umekazwa sawasawa, mtu anashiba upesi kwa chakula kidogo.

Mganga Lubomyr Kuzmak alianza kutumia mshipi wa kukazwa na kulegezwa katika Marekani mwaka 1986. Mwaka 1993, katika mji wa Huy, Ubelgiji, mganga mzaliwa wa Ethiopia, Mitiku Belachew, aliutia kwa njia ya matundu madogo, bila kufungua tumbo kwa jeraha kubwa. Tangu hapo mshipi ulienea upesi. Katika Marekani uliruhusiwa mwaka 2001.

Hawakupewa watu wenye kitambi kidogo tu. Kwa kawaida walikuwa watu wa uzito mkubwa sana, kama mtu mwenye urefu wa metre 1 na sentimetre 60 anayefika kilo 102. Wengine walikuwa na uzito uliopungua kidogo hapo, lakini wana ugonjwa wa sukari au damu ya nguvu.

JE, NI UVIVU NA ULAFI?

Nimesikia watu wa kanisa wakisema, "Angefunga kinywa chake tu, asingehitaji kisu." Neno hili ni jepesi kwa anayelisema, tena si kweli yote. Mwili wa mtu mnene unapigania uzito wake. Akipunguza kilo nyingi kwa kula kidogo, njaa inazidi, na mwili unatumia nguvu kidogo kuliko mbele. Ndiyo sababu wengi wanapungua mwaka mmoja na kurudi mwaka wa pili. Waganga wa dunia wanahesabu unene mkubwa kuwa ugonjwa wa kudumu, kama ugonjwa wa sukari. Mgonjwa wa sukari hatumwambii, "Shikilia moyo wako, uache dawa."

Tena iko aibu ya namna nyingine. Kwetu mtu mnene anahesabiwa kuwa anatunzwa vizuri. Akirudi kutoka Ulaya amepungua kilo 30, watu wananong'ona, "Ana ukimwi," au, "Amelogwa." Basi yeye anaona ni heri kunyamaza. Anakaa mezani, anakula kwa haraka kusudi asiulizwe, kisha anatoka nje gizani kutapika. Hii ndiyo hatari ninayotaka kuionyesha.

MIAKA MINGI NYUMA YA KUPASULIWA

Tusidanganyane kwa kusema mshipi ni ajabu isiyo na taabu. Waganga wa Bruxelles waliwatafuta watu 151 waliotiwa mshipi kati ya mwaka 1994 na mwaka 1997. Walipata habari za watu 82, wakatangaza matokeo mwaka 2011. Katika kila watu 100, kama 60 walikuwa wamepasuliwa tena. Karibu nusu hawakuwa na mshipi tena. Kwa watu 28 katika 100, mshipi ulikuwa umekula ukuta wa tumbo na kuingia ndani. Hata hivyo, watu 60 katika 100 walionekana kuridhika.

Waganga wa Melbourne, katika Australia, walitangaza habari zao mwaka 2013. Walikuwa wametia mshipi watu 3227 tangu mwaka 1994 mpaka 2011. Waliofika mwaka wa 15 walikuwa wamepoteza karibu nusu ya uzito wao wa kuzidi. Yaani mtu aliyezidi kwa kilo 40 alikuwa amepunguza kama kilo 19. Kwao vilevile watu 43 katika 100 walipasuliwa tena ili mshipi au mrija utengenezwe. Lakini walioondolewa mshipi walikuwa chini ya 6 katika 100. Kundi lile lilishika sana kawaida ya kuwaita wagonjwa mara kwa mara, kupima, kukaza na kulegeza.

Mimi naona fundisho katika miji yote miwili. Anayetiwa mshipi anahitaji mtunzaji, si mwaka wa kwanza tu, bali hata mwaka wa 20. Mshipi ni kama paa la nyasi: asiyepanda kulitazama atalowa.

Na sasa liko neno jingine zito. Katika Marekani mwaka 2011, zaidi ya watu 35 katika kila 100 waliopasuliwa kwa sababu ya unene walitiwa mshipi. Mwaka 2019 hawakufika hata mmoja katika 100, kwa maana waganga waligeukia njia nyingine za kupasua. Lakini watu wenye mshipi wa zamani wangali wako. Waganga waliozoea kuutunza wanapungua. Hii ni sababu ya pili ya kutouficha: mwenyewe anapaswa kuujua mshipi wake na kuweza kuueleza.

JUU YA KULA

Sisi tunakata tonge la bugali, tunalichovya katika mchuzi, tunalimeza bila kutafuna. Hivyo tulifundishwa na mama zetu. Mwenye mshipi hawezi kufanya hivyo. Bugali, kwanga na mkate laini hushikamana kama udongo na kukwama juu ya pete. Nyama kavu na nyuzi za mboga vilevile. Ashike kanuni hizi:

1. Achukue kipande kidogo kama ukucha wa kidole, akitafune mpaka kiwe kama uji.

2. Aanze na samaki, yai au maharagi yaliyopikwa sana, kisha mboga, mwisho bugali kidogo.

3. Akisikia kukazwa chini ya kifua, aache palepale, hata kama sahani imejaa.

4. Asinywe wakati wa kula, wala nusu saa nyuma ya kula. Nyakati nyingine anywe maji ya kutosha.

5. Ajihadhari na vitu vitamu vya majimaji. Chai ya sukari nyingi, maziwa ya kopo na vinywaji vya chupa hupita katika mshipi bila kizuizi, na uzito unarudi.

Wengine wanafikiri, "Nikikazwa zaidi nitapungua zaidi." Sivyo. Mshipi ukikazwa kupita kiasi, samaki na mboga vinarudi, lakini vitu vitamu vinapita. Basi mtu anaacha chakula chema na kushika kibaya. Kutapika si kazi ya mshipi. Anayetapika mara kwa mara, mshipi wake ni mkali mno, au umehama mahali pake, au anakula vibaya. Anapaswa kupimwa.

Tena kwa kuwa anakula kidogo, damu yake inaweza kupungukiwa na chuma na vitamini. Ni vema apimwe damu kila mwaka, zaidi sana mwanamke anayeweza kuzaa. Akichukua mimba amwambie mganga mapema. Akitapika sana au mtoto asipokua vizuri, labda mshipi utalegezwa.

MAMBO AMBAYO MUUGUZI ASIPITE JUU YAKE

Wauguzi wenzangu, someni hapa mara mbili.

Kwanza: maumivu makali ya tumbo ya ghafula, pamoja na kutapika, hata mate hayashuki. Huenda mshipi umeteleza na tumbo limesongwa. Si malaria tu, wala si sumu ya karamu. Mgonjwa asipewe chakula, apelekwe kwa mganga siku ileile. Kulegeza mshipi ndilo jambo la mbele. Iko sindano maalumu isiyoharibu mpira wa kisanduku. Kama haipo na mtu yuko katika hatari, mganga ndiye atakayeamua la kufanya, lakini asicheleweshwe.

Pili: mtu aliyetapika siku nyingi. Sisi tunakimbilia kumtundikia serumu ya sukari. Ngojeni! Mwili wake umekosa vitamini B1, na sukari peke yake inaweza kuumiza ubongo. Mganga ajulishwe, B1 itangulie kwa sindano. Kama mgonjwa anayumba, macho yanacheza, akili imechanganyika, msiseme ni pepo. Huo ndio ukosefu wa B1, na saa zinahesabika.

Tatu: kikohozi cha usiku kinachomwamsha mtu, na maji machungu kinywani. Makohozi yapimwe kifua kikuu, ndiyo, lakini mshipi mkali mno unaweza kurudisha chakula mpaka mapafuni.

Nne: uvimbe mwekundu au usaha juu ya kisanduku, miaka nyuma ya kupasuliwa. Msiupasue kama jipu! Mara nyingi ni alama kwamba mshipi umekula ukuta wa tumbo ndani. Huyu ni wa mganga wa kupasua.

Tano: mavi meusi kama lami, au kutapika damu. Ni hatari, asingoje kesho.

Sita: dawa za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini huweza kuchimba vidonda tumboni. Asipewe bila kuuliza. Vidonge vikubwa navyo hukwama.

KWA MWENYE MSHIPI NA KWA WENYEJI WAKE

Wewe mwenye mshipi, mbele ya safari mwulize mganga wako kama inafaa kuulegeza kidogo, kwa kuwa huku kwetu hutapata kwa upesi mtu wa kuulegeza. Chukua karatasi yenye maneno haya: mwaka wa kupasuliwa, jina la hospitali, namna ya mshipi, kiasi cha maji kilichomo, na simu ya mganga wako. Uiweke pamoja na pasipoti. Kisha umwambie mtu mmoja wa jamaa na muuguzi mmoja wa mahali. Si lazima kijiji chote kijue. Watu wawili wanatosha kuokoa maisha yako siku usipoweza kusema.

Kama mshipi wako umeondolewa, au uzito umerudi, usijihesabu kuwa umeshindwa. Uzito hurudi kwa wengi mshipi ukitoka. Ziko njia nyingine za waganga, na kazi ya kutunza mwili inaendelea.

Nanyi mama na shangazi mnaopokea wageni, najua kwenu kukataa chakula ni kama kukataa mtu. Lakini mgeni akisema, "Nimeshiba," mwaminini. Msimwongezee tonge kwa nguvu, msimcheke, msimwulize mbele ya watu kwa nini amepungua. Mpeni kisahani kidogo, mkae naye, mzungumze naye. Upendo wa nyumba haupimwi kwa sufuria.

Nasi wauguzi tuongeze ulizo moja kwa kila mgeni wa ng'ambo anayetapika: "Umepata kupasuliwa tumbo? Kuna kitu kilichobaki ndani?" Tumwulize peke yake, kwa sauti ya chini, bila uso wa hukumu. Akijibu "Ndiyo," tuandike katika karatasi yake ya ugonjwa, tumwite mganga.