Subira Si Kufunga Mdomo



Mnajua kwamba tumeanza kusoma hadithi fupi na wari wanaongoja harusi zao, saa moja tu baada ya alasiri, kabla singo na hina hazijatushughulisha. Hazikupita siku mbili nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja ninayemheshimu sana. Kasema kwa upole, lakini maneno yalikuwa makali: hadithi za Kizungu za wanawake wanaolalamika majumbani mwao zinawatia wari kiburi, mke mwema hasikiki sauti, na kazi ya somo ni kumfunda mwari avumilie, basi. Nilimpigia nikamjibu. Namjibu na hapa, maana najua si yeye peke yake anayewaza hivyo.

Hadithi iliyomuudhi ni The Yellow Wallpaper ya Charlotte Perkins Gilman, Mmarekani, iliyotoka mwaka 1892. Mwanamke amejifungua na roho yake imezama, halali vizuri, analia bila sababu anayoweza kuitaja. Mumewe John ni daktari. Anapanga jumba kubwa nje ya mji kwa msimu wa joto, anamweka mkewe chumba cha juu chenye nondo madirishani na kitanda kilichogongomelewa sakafuni, na anampiga marufuku kuandika, kufanya kazi, hata kuwaita watu anaotamani kuwaona. Mtoto analelewa na mwengine, nyumba inatazamwa na wifi. Kilichobaki ni yeye na karatasi mbaya ya manjano ukutani. Mwisho anaona mwanamke amefungwa nyuma ya michoro ya ile karatasi, anatikisa ili atoke, na siku ya kuondoka mumewe anamkuta anatambaa chumba kizima akiibandua.

Sikilizeni nilichowaambia wari. John hampigi mkewe. Hamtukani, hana mwanamke mwengine, anambeba mikononi kumpandisha ngazi na kumwita kwa majina ya mapenzi. Mbele ya ndugu na majirani ni mume wa kupigiwa mfano. Tatizo lake ni moja: kila mkewe anapofungua mdomo, yeye ameshajua jibu. Akisema anaumwa, anaambiwa hana kitu. Akisema chumba hiki sikipendi, anachekwa. Je, huyo ni Mmarekani tu? Nani kati yetu hajawahi kukaa na mzazi wa wiki tatu, macho mekundu, akaambiwa “jikaze, wenzio wamezaa saba”?

Na Gilman hakuyatunga hewani. Yeye mwenyewe alizaa binti mwaka 1885, akaugua huzuni nzito, na mwaka 1887 akapelekwa kwa daktari mashuhuri, Silas Weir Mitchell, aliyejulikana kwa tiba ya kupumzisha wanawake. Dawa aliyoandikiwa ilikuwa akae ndani, ashughulike na mtoto, asishike kalamu wala brashi. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba agizo lile lilimfikisha ukingoni mwa wazimu, na kwamba hadithi aliiandika ili wengine wasifikishwe huko.

Sasa, wako wanaochukua hadithi kama hii wakasema: mnaona, mila na dini ndizo zinazomfunga mwanamke. Hao nao siwakubali. Mila yetu ya arobaini ni kinyume kabisa na chumba cha John. Kwetu mzazi hakai peke yake. Kuna mkunga wa kumkanda kwa maji ya moto, kuna mama au shangazi wa kumfunga mkaja, kuna uji wa pilipili manga, watu wanaingia na kutoka, mtoto anapokezanwa mikononi. Mzazi anapikiwa, anaogeshwa, anasikilizwa, na akilia kuna mkongwe wa kumwambia kwamba na yeye alilia hivyo hivyo.

Lakini wangapi wetu bado wana arobaini ya namna hiyo? Biharusi anaolewa Dar es Salaam kwenye nyumba ya kupanga ghorofa ya nne, au Muscat, au London, mama yake yuko Pemba anamwona mjukuu kwenye simu. Mume anatoka saa moja asubuhi anarudi usiku. Hana mkunga, hana shangazi, hana jirani anayemjua jina. Tumewaondoa watu wote waliokuwa wakiibeba ile mila, tukabakisha amri peke yake: kaa ndani, nyamaza, vumilia. Hiyo si mila ya bibi zetu. Hicho ni chumba cha John na sisi tumeweka udi ndani yake.

Hadithi ya pili tuliyosoma ni The Chrysanthemums ya John Steinbeck, ya mwaka 1937. Elisa Allen anaishi shambani kwenye bonde la Salinas, California. Ana mikono yenye nguvu na kipaji cha kuotesha maua, na hana kazi nyingine ya kuutolea uhodari wake. Mumewe anayaona maua, anasema angefurahi lau mkewe angeitumia mikono hiyo kwenye matufaha yake. (Ndiyo sifa pekee anayoijua, maskini.) Kisha anapita fundi wa kutengeneza masufuria, anatafuta kazi. Anajifanya anayapenda maua yale, na Elisa anawaka kama taa. Anampa miche kwenye chungu kipya, anamweleza namna ya kuipanda, anazungumza kama hajapata kuzungumza miaka. Jioni anapokwenda mjini na mumewe anaona kitu cheusi barabarani. Fundi ametupa miche, amebaki na chungu.

Hapo wari walinyamaza. Mmoja akasema, “Siku hizi fundi haji na mkokoteni, anakuja kwenye simu.” Kasema kweli kuliko sisi watu wazima. Mwanamke ambaye mwaka mzima hajaambiwa neno jema na mumewe, ujumbe wa mtu asiyemjua unaweza kumtikisa. Tunamfundisha mwari asijibu ujumbe ule, na ni haki. Lakini nani anamfundisha bwana harusi kumwambia mkewe kwamba mkate wa kumimina leo ulikuwa mzuri, au kumuuliza ile cherehani mbona imefunikwa?

Nirudi kwenye subira, maana ndipo mama yangu aliponishikia. Subira ni amri ya dini, sibishani. Lakini nani alisema subira ni kutosema? Nabii Yaaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, na ni yeye yeye tunayemtaja tukitaja subira njema. Bibi Khawla bint Tha'laba, mumewe alipomtamkia kwamba kwake ni kama mgongo wa mama yake, hakujifungia chumbani. Alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimfikie, akajadiliana naye na akamshtakia Mola wake. Mola akamsikia, na sura nzima ya 58 imepewa jina kwa yale majadiliano yake. Ingekuwa mke mwema hasikiki sauti, sura hiyo ingeitwaje?

Na Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Hadithi hii inasomwa kwenye mihadhara ya wanaume mara ngapi? Mimi nimehesabu, sitaki kuwaaibisha watu.

Kwa hiyo masomo wenzangu, mnapokaa na mwari, baada ya liwa na asumini na mambo yetu ya ndani, muulizeni na haya. Ukiumwa roho usiku, utampigia nani? Mumeo anamjua mtu huyo na amekubali? Mikono yako imezoea kufanya nini, na utakifanyia wapi ukishahamia? Na mkwe wenu akipiga simu kusema mzazi halali wala hamtazami mtoto, msimkimbilie mganga tu. Kisomo kisomwe, na hospitali aende siku hiyo hiyo.

Mama yangu, Jumamosi tunasoma hadithi nyingine, inshaallah. Mlete mjukuu wako, na wewe ukae naye. Kahawa na haluwa ziko.