Maneno ya Kukaza Katika Kiingereza

Mtoto aliyezaliwa Mwika hujua kukaza neno kabla hajajua kusoma. Akitumwa Himo, arudipo jioni hasemi kwamba ni mbali tu. Husema ni mbaaali, na sauti yake hupanda na kurefuka kama njia yenyewe ilivyopanda. Theluji ya Kibo kwake ni nyeupe pe. Usiku wa ukungu migombani ni giza totoro. Mtu aliyechoka amelala fofofo. Aliyekutwa na mvua ya masika njiani amelowa chepechepe. Mlango umefungwa ndi. Kila jambo lina neno lake la kulikaza, wala neno hilo haliazimwi ovyo: hapana aliyesikia mtu kulala pe, wala theluji kuwa nyeupe fofofo.

Mtoto huyo afikapo kwenye Kiingereza, mali hiyo yote huiacha mlangoni. Hushika maneno mawili, "very" na "too", akayatumia kwa kila kitu, tena kana kwamba ni neno moja. Katika barua yake humwandikia rafiki, "I am very, very happy", na mstari wa pili, "My school is too beautiful." Mwalimu hupiga mstari mwekundu, mwanafunzi husahihisha, na juma lijalo kosa limerudi. Hurudi kwa sababu hakuelezwa lilikotoka. Halikutoka katika uvivu. Limetoka katika neno "mno".

"Mno" katika Kiswahili hubeba mizigo miwili. Mtu akisema, "Nimefurahi mno," amefurahi sana, wala hakuna kilichoharibika. Akisema, "Chumvi ni nyingi mno," mboga haziliki. Msikilizaji hujua kwa jambo lenyewe ni mzigo gani uliobebwa. Kiingereza kimeitenga mizigo hiyo: "very" ndiyo sana, na "too" ni kuzidi kiasi, tena ndani yake mna neno la kukataa lililofichwa. Asemaye "The load is too heavy" amesema kwamba mzigo haubebeki. Asemaye "The tea is too hot" amesema chai hainyweki bado. Kiswahili hulitia neno la kukataa waziwazi katika kitendo chenyewe, haubebeki, hainyweki, hapapitiki. Kiingereza hulificha ndani ya "too", na Mwingereza akilisikia hungoja kuambiwa ni jambo gani lisilowezekana. Kwa hiyo shule iliyo "too beautiful" humshangaza: uzuri huo umezuia nini?

Wako wasemao ya kuwa hayo ni mambo madogo, maana msikilizaji mwema ataelewa. Darasani huenda akaelewa. Lakini vijana wengi wa Mwika na Marangu hupata kazi mlimani, kubeba mizigo na kuongoza wageni. Na afikiriwe kijana mmojawapo, amesimama na mgeni wake kwenye kibanda cha Kibo, penye mita kama 4,700, saa sita ya usiku, wakati wa kuanza kupanda kileleni. Mgeni auliza habari za huko juu. Kijana ajibu, "It is too cold." Alitaka kusema kwamba baridi ni kali, na mgeni avae koti la pili. Mgeni amesikia kwamba baridi imezidi, hakupandiki. Amelipa fedha nyingi, ametoka nchi ya mbali, na neno moja la herufi tatu limemwambia arudi.

Yuko kijana mwingine ambaye kosa lake ni la namna nyingine. Kwake njia ni "very steep", uji ni "very good", jiwe ni "very big", na kila mgeni ni "very strong". Siku ya hatari atasema nini? "Very" yake imechakaa kama sarafu iliyopita mikononi mwa soko zima. Kweli, Waingereza wenyewe ndio walioanza kuichakaza, maana asili yake ni neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya kweli. Hata "terribly", iliyotoka katika hofu, leo Mwingereza aliyechelewa dakika mbili huisema, yu "terribly sorry", wala hatetemeki. Waswahili nao hawana la kumcheka, kwani husema fulani anapenda ngoma vibaya, na hapana ubaya uliotendeka.

Mahali pengine Kiswahili humsaidia mwanafunzi kuliko kanuni yoyote ya kitabuni. Hapana mtoto asemaye, "Ng'ombe amekufa sana", atachekwa. Husema amekufa kabisa, maana kufa hakuna daraja. Mlima una urefu na urefu zaidi, ndiyo sababu huitwa mrefu sana. Kiingereza ni vivyo hivyo: penye daraja ni "very tall", pasipo daraja ni "completely empty". Mwanafunzi na ajiulize kwanza kama angesema sana au kabisa, na mara nyingi atakuwa amepata jibu.

Ubaya mkubwa uko katika "hard". Mwanafunzi amefundishwa kwamba kielezi huundwa kwa kutia "-ly" mwishoni: "slow", "slowly", "strong", "strongly". Basi katika barua ya kuomba kazi huandika, "I work hardly," akitaka kujisifu kwa bidii yake. Msomaji Mwingereza huona karibu kinyume chake, kwamba mtu huyu hafanyi kazi ila kidogo. Ilimpasa kuandika "I work hard", bila kuongeza kitu.

Tena yako mambo yasiyotaka kielezi chochote. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann aliona theluji juu ya Kibo. Habari zake zilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, William Desborough Cooley, mjuzi wa ramani ambaye hakufika Afrika kamwe, alikataa kusadiki. Kama Rebmann angalisema theluji ilikuwa "very, very white", Cooley asingalisadiki zaidi. Kilichowaridhisha wataalamu wengine ni safari za Karl Klaus von der Decken za mwaka 1861 na 1862, zilizoleta vipimo. Leo asemaye "Kibo is 5,895 metres high" amesema kwa nguvu kuliko asemaye "extremely high".

Hata hivyo "too" haifai kufukuzwa. Mgeni akishikwa na ugonjwa wa mlima, kichwa kikamgonga, akatapika na kuyumba, dawa yake ni kuteremshwa upesi. Hapo kiongozi asimwambie yu "very sick", maana mgonjwa mkaidi huweza kukubali kwamba ni mgonjwa sana na bado akataka kwenda hatua mia zaidi. Amwambie, "You are too sick to go on." Neno la kukataa limo ndani yake, na wapagazi huchukua taa, wakamshika mgonjwa mkono, wakaanza kuteremka kuelekea Horombo.